Mionzi kwa saratani ya ngozi: panga siku zote kabla ya siku ya kwanza

Kupigwa mionzi hakuumi. Mgonjwa analala kitandani, mashine inafanya kazi dakika chache, anainuka, anavaa, anaondoka. Ugumu wa tiba hii uko kwenye siku zake: 15, 20 au 30, Jumatatu hadi Ijumaa, bila kuruka hata moja, kwa mtu ambaye huenda ametoka Nansio, Sengerema au Magu kuja Mwanza na ameacha watoto, shamba au mtumbwi. Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa ndugu atakayemsindikiza. Tumeupanga kwa mfuatano wa mambo yenyewe, kuanzia kujua kama mionzi ndiyo tiba yako hadi karatasi unayopaswa kuondoka nayo siku ya mwisho.

Kwanza: ni mionzi au ni kisu?

Hakuna anayepangiwa mionzi kwa kidonda kuangaliwa kwa macho tu. Lazima kinyama kikatwe, kipelekwe maabara, na majibu yataje aina ya saratani, kwa sababu kila aina ina tabia yake.

Saratani ya seli skwamasi kwa watu wenye ualbino hutokea pale jua linapopiga: usoni, masikioni, mdomo wa chini, shingoni, juu ya mikono. Kwa mwenye ngozi nyeusi mara nyingi huota juu ya kovu la zamani la moto, au kwenye kidonda sugu cha mguu kilichokaa miaka. Hii mionzi inaiweza. Saratani ya seli basali hukua polepole, na nayo huitikia mionzi vizuri. Melanoma ni habari nyingine: kwa wenye ngozi nyeusi hupenda unyayo na chini ya kucha, tiba yake ya kwanza ni upasuaji, na mionzi huingia baadaye kwa sababu maalumu. Kaposi, ile ya madoa ya zambarau inayoambatana na VVU, husinyaa kwa dozi ndogo, wakati mwingine ya siku moja tu. Anayetumia ARV asiziache hata siku moja kwa sababu ameanza mionzi.

Kwa saratani nyingi za ngozi, upasuaji ndio chaguo la kwanza, hasa uvimbe ukiwa mdogo na mahali panapokatika bila kuharibu sura. Unaisha kwa siku moja, na maabara inaweza kuangalia kingo za kilichokatwa kuona kama saratani yote imetoka. Mionzi inachukua nafasi katika hali hizi:

- Uvimbe uko kwenye kope, pua, mdomo au sikio, na kuukata kungeondoa kiungo chenyewe.
- Mgonjwa ni mzee sana, au moyo na mapafu havimruhusu kulazwa usingizi.
- Upasuaji umefanyika lakini majibu yanasema kingo si safi, au saratani imefuata mishipa ya fahamu, au imefika kwenye tezi za shingo au kwapa.
- Saratani imeshaenea na haitapona, lakini inavuja damu, inanuka au inauma. Hapo dozi chache hutolewa kwa ajili ya nafuu.

Kuna mahali ambapo daktari atasita, na ana haki ya kusita. Mjamzito hapigwi mionzi ya namna hii bila mjadala mzito. Mtu ambaye sehemu ileile iliwahi kupigwa dozi kamili hawezi kurudiwa kirahisi. Ngozi ya muundi hupona kwa shida kwa kuwa damu haifiki pale vizuri. Watoto wenye xeroderma pigmentosum, ugonjwa wa kurithi unaofanya seli zishindwe kujirekebisha baada ya jua, mionzi inaweza kuwaumiza vibaya. Na kijana wa miaka 20 ataishi na kovu la mionzi miaka mingi, huku ngozi ile ikizidi kuwa nyembamba. Kwake kisu huwa bora kikiwezekana.

Hapa tuseme jambo moja waziwazi, kwa sababu woga wake umechelewesha watu: ualbino peke yake haumzuii mtu kupata mionzi, wala si sababu ya kupunguziwa dozi. Melanini, yaani rangi ya ngozi, humkinga mtu dhidi ya jua. Mionzi ya mashine inapita kwenye ngozi nyeusi na nyeupe vilevile. Tofauti ni ya macho tu: kwenye ngozi isiyo na rangi wekundu unaonekana mapema, kwenye ngozi nyeusi sehemu huzidi kuwa nyeusi, na wauguzi wasipoangalia kwa makini huchelewa kuona ngozi inapoanza kuchubuka.

Njia ya kufika ni ileile ya rufaa: zahanati au kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Sekou Toure kwa ngazi ya mkoa, kisha Bugando, ambayo ni hospitali ya rufaa ya kanda na ina kitengo cha saratani chenye huduma ya mionzi. Kesi zinazohitaji vifaa ambavyo havipo hapa hupelekwa Ocean Road, Dar es Salaam. Ukiona kidonda kisichopona ndani ya wiki 4, chenye gamba linalotoka na kurudi, au kinachovuja damu kikiguswa kidogo, omba rufaa sasa.

Pili: vitu vya kukusanya wakati unasubiri majibu

Majibu ya kinyama hayatoki siku hiyohiyo. Usikae bure.

Piga picha ya kidonda kwa simu. Weka rula au sarafu pembeni ili ukubwa uonekane. Piga moja ya karibu na moja ya mbali inayoonyesha sehemu nzima ya mwili. Hili linaonekana dogo, lakini mgonjwa anapofanyiwa upasuaji kwanza, wiki 4 hadi 6 baadaye anapokuja kwa mionzi kidonda kimeshafunga, na daktari wa mionzi anabaki kukisia uvimbe ulianzia wapi na kuishia wapi. Picha yenye tarehe inamwondolea kukisia.

Kama mionzi itagusa mdomo, taya au shavu, nenda kwa daktari wa meno kabla. Jino bovu ling'olewe sasa, na fizi zipate angalau wiki 2 za kupona kabla ya mionzi kuanza. Ukilingoja ling'olewe baada ya mionzi, mfupa wa taya uliopigwa unaweza kushindwa kupona na kuanza kuoza. Tatizo hilo linaweza kukaa miaka, na halikuwa na lazima ya kutokea.

Utapimwa wingi wa damu, figo, VVU, na ujauzito kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa. Damu ikiwa chini ya 10 itatibiwa, kwa sababu mionzi hutegemea oksijeni ndani ya uvimbe ili kuua seli, na oksijeni huletwa na damu. Shingo itapapaswa na huenda ikapigwa ultrasaundi kutafuta tezi. Uvimbe mkubwa au uliozama utahitaji CT.

Weka katika faili moja: barua ya rufaa, majibu ya maabara, maelezo ya upasuaji kama ulifanyika, kitambulisho na kadi ya bima. Mwenye bima aulize mapema kuhusu kibali cha mionzi, kwa kuwa hakitoki siku ya kuanza. Asiye na uwezo aonane na ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya siku ya kwanza, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji.

Tatu: kupanga siku

Hapa ndipo tiba inaponusurika au kupotea.

Dozi ya mionzi hupimwa kwa kipimo kiitwacho grei. Kwa saratani ya skwamasi au basali inayokusudiwa kuponywa, mipango inayotumika sana ni grei 60 hadi 66 kwa kupewa grei 2 kila siku, yaani siku 30 hadi 33, takriban wiki 6 na nusu. Au grei 55 kwa siku 20, wiki 4. Kuna mipango mifupi zaidi kwa uvimbe mdogo na kwa wazee. Kwa nafuu tu, inaweza kuwa grei 20 kwa siku 5, au grei 8 mara moja.

Kwa nini isitolewe yote kwa siku moja? Kwa sababu dozi ndogo ya kila siku inaua seli za saratani, huku ngozi nzima ya pembeni ikipata usiku mmoja wa kujirekebisha. Saratani nayo inajirekebisha, ila vibaya zaidi. Tofauti hiyo ndogo, ikirudiwa mara 30, ndiyo inayomaliza uvimbe. Kwa hiyo ukikosa Jumatano na Alhamisi, umeipa saratani siku mbili za bure. Tena saratani za skwamasi, baada ya kama wiki 4 za tiba, seli zilizobaki huanza kuzaana kwa kasi kubwa kuliko mwanzo. Siku ya kukosa katika wiki ya 5 inagharimu kuliko siku ya kukosa wiki ya kwanza, na wiki ya 5 ndiyo ile ambayo ngozi inauma na mgonjwa anatamani kupumzika.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi, pamoja na ndugu anayesindikiza:

1. Muulize daktari idadi ya siku. Chora kalenda, weka alama Jumatatu hadi Ijumaa.
2. Zungushia sikukuu zitakazoangukia humo: Idd, Pasaka, Saba Saba, Nane Nane. Uliza kitengo kitafanyaje siku hizo.
3. Amua mahali pa kulala. Anayetoka Ukerewe asijidanganye kwamba atavuka kwenda na kurudi. Upepo ukichafuka ziwani, siku imepotea. Atafute ndugu Mwanza mjini kwa wiki zote. Anayetoka Sengerema anaweza kwenda na kurudi kwa shida ndogo zaidi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipoanza kutumika mwaka 2025, lakini kwa wiki 2 za mwisho tunashauri naye alale mjini.
4. Nauli: kwenda na kurudi, mara watu wawili, mara idadi ya siku. Ongeza siku 3 za akiba kwa ajili ya mashine kuharibika. Pesa hiyo itengwe yote kabla. Ikiwa haitoshi siku zote, semeni kwa daktari sasa, kabla ya siku ya kwanza.

Hilo la mwisho lina sababu. Kuna wagonjwa ambao daktari anaweza kuwapangia siku 15 au 20 badala ya 30, kwa dozi kubwa kidogo kila siku, na uvimbe ukadhibitiwa vizuri. Gharama yake ni kovu: kadiri dozi ya siku inavyokuwa kubwa, ndivyo ngozi inavyokuja kuwa nyembamba, yenye mabaka meupe na vishipa vyekundu miaka ya baadaye. Kwa bibi wa miaka 75 mwenye uvimbe wa sentimita 2 shavuni, hiyo ni biashara nzuri. Kwa binti wa miaka 25, ni ya kufikiria mara mbili. Lakini mpango wa siku 20 uliokamilika ni bora kuliko wa siku 30 ulioishia siku ya 19, na daktari hawezi kukuchagulia vizuri kama hajui kwamba nauli yako inaishia wiki ya 3.

Mashine ikiharibika, uliza kitu kimoja: siku hizi zitafidiwaje? Huweza kufidiwa kwa kupiga Jumamosi, au kupiga mara mbili kwa siku moja, mradi kati ya mapigo mawili ziwepo angalau saa 6. Usiondoke kwenda kijijini ukisema utapigiwa simu. Baki mjini.

Nne: siku ya vipimo na alama

Kabla ya pigo la kwanza kuna siku ya kupanga. Hakuna tiba siku hiyo, ila ndiyo siku muhimu kuliko zote kitaalamu.

Daktari anapapasa ukingo wa uvimbe kwa kidole, anauchora kwa kalamu, kisha anachora mstari wa pili nje yake, nusu sentimita hadi sentimita moja na nusu zaidi. Eneo hilo la ziada ni la seli ambazo jicho halizioni. Wagonjwa huuliza kwa nini apigwe mahali pazima. Jibu ndilo hilo.

Kwa uso na shingo hutengenezwa kinyago. Ni bamba la plastiki lenye matundu madogo mengi, linalowekwa kwenye maji ya moto mpaka linalainika kama chapati mbichi. Linatolewa, linakung'utwa maji, na kulazwa juu ya uso. Mgonjwa anasikia joto kama la kitambaa cha kuogea, kisha katika dakika kama 10 linapoa na kukakamaa kwa umbo la uso wake. Unapumua kupitia matundu. Anayeogopa kubanwa aseme mapema: matundu ya macho na mdomo yanaweza kukatwa. Kinyago hufungwa kwenye kitanda kila siku ili kichwa kikae palepale kwa tofauti ya milimita chache. Usifuge nywele wala kunyoa zote katikati ya tiba. Vyote viwili vinabadilisha jinsi kinyago kinavyokaa. Ukikonda sana kikawa kinacheza, sema, kitengenezwe kingine.

Sasa jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi: nta. Mashine za kobalti (zenye madini yanayotoa mionzi) na linaki (zinazotengeneza mionzi kwa umeme) zilitengenezwa kufikia uvimbe wa ndani, kwa hiyo mionzi yake huwa dhaifu juu ya ngozi na hupata nguvu kamili ikishaingia ndani. Kwa kobalti, ni nusu sentimita chini ya ngozi. Kwa saratani ya kizazi hiyo ni neema. Kwa saratani ya ngozi ni hasara, kwani uvimbe uko juu kabisa. Dawa yake ni kulaza kipande cha nta, raba laini au gozi (kitambaa cha kufungia vidonda) iliyoloweshwa maji, chenye unene wa nusu sentimita hadi sentimita moja, juu ya eneo. Mionzi inapata nguvu ndani ya nta, na ngozi inapokea dozi kamili. Wataalamu huiita bolasi.

Iangalie bolasi yako kila siku. Ilale imegusa ngozi kote, hasa pembeni mwa pua na nyuma ya sikio. Pengo la hewa chini yake linapunguza dozi mahali hapo. Kama jana iliwekwa na leo haikuwekwa, uliza kwa sauti ya kawaida, "Bolasi yangu leo haipo?" Hakuna mtaalamu mzuri atakayechukia swali hilo. Linaki yenye miale ya elektroni, na mashine ndogo za eksirei za juu ya ngozi, zina tabia nyingine: zinatoa nguvu karibu na juu na kuacha vya ndani salama. Zikipatikana, kwa uvimbe mwembamba ndizo bora.

Uvimbe ukiwa kwenye kope au karibu na jicho, hutumika kikombe chembamba cha madini ya risasi kinachoingizwa chini ya kope baada ya matone ya ganzi. Jicho likiwa na ganzi halisikii mchanga wala kidole, kwa hiyo baada ya pigo lifunikwe na lisifikichwe mpaka hisia zirudi. Kwa mdomo, risasi yenye nta huwekwa kati ya mdomo na fizi kuzilinda.

Alama za kalamu mwilini zisioshwe kwa kusugua. Zikififia, usizikoleze mwenyewe nyumbani. Mstari uliosogea milimita 5 ni uvimbe uliokosewa. Rudi wazikoleze wao.

Tano: ndani ya chumba

Vua hereni, mkufu, hirizi, kilemba, chochote kilicho juu ya eneo. Lala. Wataalamu wanapanga, wanawasha taa za mstari, wanatoka nje na kufunga mlango mzito. Wanakuona kwa kamera na kukusikia. Ukipatwa na kikohozi au hofu, inua mkono. Usigeuke.

Ukipigwa na kobalti na jirani yako wa mwaka juzi akakwambia yeye alilala dakika 2 na wewe unalala karibu 3, usihofu. Kobalti hupungua nguvu kwa takriban asilimia 1 kila mwezi, na nusu yake huisha katika miaka 5 na miezi 3 hivi. Dozi ni ileile, muda ndio unaorefushwa ili kuifikia.

Ukitoka, hakuna mionzi iliyobaki mwilini. Mama anaweza kunyonyesha, babu anaweza kumpakata mjukuu, mume na mke walale pamoja, chakula kiliwe sahani moja.

Sita: ngozi, wiki kwa wiki

Wiki ya 1 huonekana si kitu. Wiki ya 2 ngozi inakuwa nyekundu au nyeusi zaidi, inawasha. Wiki ya 3 na 4 inakauka na kutoa magamba; nywele au ndevu za eneo hilo zinadondoka, na kwa dozi kamili huenda zisirudi. Wiki ya 5 na 6 inaweza kuchubuka na kutoa majimaji kama ngozi iliyoungua maji ya moto. Kilele huja wiki 1 hadi 2 baada ya kumaliza, wakati mgonjwa ameshafika nyumbani na kufikiri yamekwisha. Kisha hufunga, kwa kawaida wiki 4 hadi 6 tangu pigo la mwisho. Kidonda hiki cha mionzi ni sehemu ya tiba yenyewe. Usimruhusu mtu akuambie kwamba saratani imezidi kwa sababu ngozi imechubuka.

Utunzaji wake:

Osha mara moja au mbili kwa siku kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato. Mimina, usisugue. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini cha pamba. Maji ya ziwa hapana, hata kama nyumba iko ufukweni. Yana vijidudu, na kichocho pia. Hakuna kuogelea mpaka ngozi ifunge.

Losheni nyepesi isiyo na manukato inafaa ngozi ikiwa nzima. Ipake baada ya pigo na usiku. Usifike kwenye kitanda cha mionzi na safu nene ya mafuta, kwani safu hiyo inafanya kazi ya bolasi na kuongeza dozi juu ya ngozi pasipokusudiwa.

Marufuku kwenye eneo: spiriti, dawa ya bluu, dawa ya meno, majivu, unga wa mitishamba, plasta ya kunata, wembe, na barafu. Kola ngumu na mkanda wa mkoba vikae mbali.

Ikichubuka: chemsha maji nusu lita kwa dakika 5, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, funika yapoe, tumia ndani ya siku moja. Loanisha gozi, lowesha kidonda dakika 10, kisha funika kwa gozi iliyopakwa jeli ya petroli au bandeji isiyoshika. Ikiwa bandeji imekauka na kugandia, imwagie maji ya chumvi mpaka iachie yenyewe. Kuivuta ni kuanza kidonda upya. Krimu ya fedha ya vidonda vya moto atakupa nesi ikihitajika, na inaoshwa kabla ya pigo linalofuata.

Kama mdomo umo kwenye eneo, sukutua mara 4 hadi 6 kwa siku: maji safi lita moja, kijiko cha chai cha chumvi, kijiko cha chai cha bikaboneti ya sodiamu kutoka duka la dawa. Magadi ya kupikia maharage si yenyewe. Chakula kiwe laini: uji wenye maziwa na karanga zilizosagwa, mtori, sato wa mchuzi aliyetolewa miiba, dagaa waliosagwa ndani ya uji au mboga. Pilipili, sigara na pombe kali viachwe.

Kwa uvimbe unaonuka, vidonge vya metronidazo vikisagwa na kunyunyizwa juu ya kidonda kila unapobadilisha bandeji hupunguza harufu ndani ya siku chache. Uliza nesi kiasi. Funika kidonda daima. Inzi wa mialoni hawangoji, na funza wakiingia si aibu ya mtu, ni bandeji iliyoachwa wazi. Rudini hospitali watolewe.

Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi dakika 15 ukiangalia saa, bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, hospitali. Homa, usaha, au jicho kuuma ghafla, vivyo hivyo, hata kama ni usiku.

Kwa maumivu, mtu mzima aanze na parasetamo gramu 1 kila saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Yakizidi, omba dawa kali zaidi, ikiwemo morfini ya maji. Tunasisitiza hili kwa sababu maumivu yasiyotibiwa ndiyo yanayomfanya mtu akae nyumbani siku ya 24.

Jua

Mwanza iko nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Jua la hapa ni kali mwaka mzima, hata siku ya mawingu. Kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni eneo lililopigwa lisionje jua. Kofia yenye ukingo wa angalau vidole vinne kuzunguka kote, mikono mirefu, kitenge kizito. Mafuta ya kuzuia jua ya kiwango cha 30 kwenda juu yapakwe sehemu nyingine. Kwenye eneo la mionzi yasubiri mpaka ngozi ifunge kabisa.

Kazi ya dagaa inahitaji neno la pekee. Uvuvi wenyewe ni wa usiku, hauna madhara haya. Kuanika ndiko kunakoua: mtu ameinama juu ya mchanga tangu asubuhi, jua linampiga shingoni kutoka juu na mchanga unarudisha sehemu yake usoni kutoka chini, ambako kofia haikingi. Mama mwenye ualbino aliyetibiwa shavu akirudi mwaloni kuanika, tumemtibu kidonda kimoja tu kati ya vingi vijavyo. Apewe kupima, kufunga magunia au kuuza, chini ya paa.

Saba: baada ya pigo la mwisho

Uvimbe hauishi siku ya mwisho. Huendelea kusinyaa wiki kadhaa, hadi miezi 2 au 3. Kinyama kisikatwe tena ndani ya muda huo kwa sababu tu bado kuna gamba. Rudi wiki 4 hadi 6 baada ya kumaliza, kisha kila miezi 3 kwa miaka 2 ya mwanzo, kisha kila miezi 6 hadi miaka 5. Kati ya hizo, mara moja kwa mwezi, ndugu akupapase shingo, chini ya taya na nyuma ya masikio kwa ncha za vidole. Tezi ngumu isiyouma, inayokaa zaidi ya wiki 2, haisubiri tarehe ya kliniki.

Na usishuke mlima wa Bugando, au kuondoka popote ulipotibiwa, bila karatasi ya muhtasari: sehemu iliyopigwa, aina ya mashine, dozi ya kila siku, idadi ya siku, jumla ya grei, tarehe ya kuanza na kumaliza, na siku zilizokosekana. Ipige picha, mtumie ndugu mmoja. Uvimbe mwingine ukitokea miaka 6 baadaye sentimita 3 kutoka pale, daktari atakayekuona, awe Bukoba au Dar es Salaam, atahitaji tarakimu hizo kujua kama ngozi hiyo bado inaweza kupigwa au ni zamu ya kisu.